Zana ya kuua prosesi: namna ya kuiandikia maelezo ili wakala wa akili mnemba asiue kisichohusika



Leo tunaongelea kitu kidogo ambacho kikiandikwa vibaya kinampotezea mtu kazi ya siku nzima. Ni zana ya kuua prosesi, na namna ya kuiandikia maelezo pale ambapo atakayeitumia siyo binadamu ila ni wakala wa akili mnemba. Siyo wakala wa kutoa pesa jamani! Huyu ni programu ya akili mnemba ambayo unaipa kazi kwa maneno ya kawaida, halafu unaipa na zana za kuifanyia kazi hiyo: kusoma mafaili, kuendesha amri, kufungua brauza, na kumaliza programu iliyoganda.

Prosesi wengi mnaijua hata kama hamjawahi kuiita hivyo. Mashine ya kafe ikiganda mnabonyeza Ctrl, Alt na Delete, mnafungua orodha, mnachagua kilichoganda, mnakimaliza. Kila mstari kwenye orodha ile ni prosesi, yaani programu inayoendeshwa muda huo, yenye jina lake na namba yake. Namba hiyo inaitwa PID.

Sasa tofauti yako na wakala ni kwamba wewe una macho. Chukua stationery ya kawaida mjini Bunda, kompyuta moja ya kaunta. Kuna fomu ya mkopo wa HESLB ya mwanafunzi iliyojazwa nusu kwenye Chrome, kuna barua ya maombi ya kazi kwenye Word haijahifadhiwa, na kuna kurasa arobaini zimekwama kwenye printa. Wewe unamwona mwenye fomu amekaa kwenye benchi na vyeti mkononi. Wakala haoni benchi. Anachojua kuhusu zana ya kuua ni maelezo uliyomwandikia basi. Kwenye utaratibu wa MCP, ambao kampuni ya Anthropic iliutoa Novemba 2024 na ukasambaa haraka kwa watengenezaji wengine, zana inatambulishwa kwa wakala kwa jina, maelezo, na orodha ya vitu inavyovipokea. Mistari hiyo michache ndiyo macho yake.

JINA LENYEWE LINADANGANYA

Tuanze na babu wa zana hizi, amri ya kill ya Unix, ya tangu miaka ya 1970 mwanzoni. Jina linasema ua, ila kazi yake hasa ni kutuma ishara kwa prosesi. Usipotaja ishara inatuma namba 15, ambayo ni ombi: tafadhali maliza, hifadhi vyako, ondoka. Ukitaja namba 9 hakuna ombi tena, mfumo unaikata prosesi pale pale bila kuiuliza. Ukitaja 0 haitumi kitu chochote, inaangalia tu kama prosesi ipo na kama unaruhusiwa kuigusa. Kwa hiyo kuna kill isiyoua kabisa.

Ndugu yake killall ni mbaya zaidi. Kwenye Linux killall inaua prosesi zenye jina ulilolitaja. Kwenye Solaris ya zamani killall ilikuwa ya kuzimia mashine, inaua kila kitu kinachoweza kuuawa. Jina moja, kazi mbili. Mafundi waliohama mfumo mmoja kwenda mwingine walikuwa wanaonyana kuhusu hilo, na wao walikuwa binadamu waliosoma. Wakala amesoma maandishi ya mifumo yote miwili kwa pamoja, kwa hiyo usimwachie abashiri unamaanisha ipi.

KISWAHILI CHETU NACHO KINA MTEGO

Hili halimo kwenye vitabu vya Kiingereza, na kwa sisi tunaoandika maelezo kwa Kiswahili ndilo la kwanza kuliangalia.

Maneno mengi ya kompyuta tuliyoyaazima yameingia kwenye ngeli moja. Kompyuta, programu, prosesi, printa, brauza, seva, intaneti, zote ni i- na zi-. Ukiandika "ikiganda, izime", hiyo i- ni ya nani? Ni ya prosesi, ya printa, au ya kompyuta nzima? Kijana aliyekaa na wewe anafuata macho yako, anaelewa. Wakala anachagua mojawapo, na akichagua kompyuta hajakosea sarufi hata kidogo. Dawa yake ni kurudia nomino kila mara hata kama sentensi itakuwa nzito: "prosesi ikiganda, maliza prosesi hiyo, kompyuta usiizime".

Halafu ngeli hiyo hiyo haionyeshi umoja na wingi kwenye nomino. "Maliza prosesi ya Chrome" ni moja au zote? Chrome moja yenye tabo kadhaa inajigawa kwenye prosesi nyingi, na zote zinaitwa chrome.exe. Andika "prosesi MOJA" au "prosesi ZOTE zenye jina hili", kwa herufi kubwa ukitaka, hakuna atakayekucheka.

Vitenzi navyo ni balaa. "Zima" inakwenda mpaka kwenye swichi ya ukutani. "Funga" inaweza kuwa kufunga dirisha la programu, kufunga skrini kwa nywila, au kusimika kitu kipya, maana fundi akikwambia amekufungia dishi hajalizima, ameliweka. "Simamisha" inaweza kuwa kumaliza moja kwa moja au kusimama kwa muda kama basi kituoni, na Unix ina ishara tofauti za kusimamisha prosesi kwa muda na kuiendeleza baadaye, kwa hiyo wakala anaweza kabisa kuisimamisha akidhani amefanya ulichotaka.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi kama ile haiendi bila kukubaliana kwanza orodha ya istilahi, neno moja kwa kitu kimoja. Kwenye karatasi yako ya zana fanya hivyo hivyo. Mimi napendelea "maliza" kwa kuua prosesi na silitumii kwa kitu kingine chochote kwenye karatasi nzima. Ukipenda "sitisha" sawa, ila usichanganye. Usiandike "maliza" juu, "funga" katikati na "ua" chini eti kwa ajili ya kupamba lugha. Mwalimu wa insha atafurahi, wakala ataona zana tatu.

NAMBA NA JINA

Fikiria basi linatoka Musoma kwenda Mwanza. Konda akisema "Juma ashuke Bunda", wanashuka akina Juma watatu. Hiyo ndiyo kuua kwa jina. Kwenye Windows, taskkill ukiipa /IM WINWORD.EXE inamaliza Word zote zilizo wazi, ya barua, ya mitihani ya shule, zote. Akisema "abiria wa siti 14 ashuke", anashuka mmoja. Hiyo ni kuua kwa PID, na ndiyo inayotakiwa.

Ila siti nazo zinabadilisha watu. Abiria wa 14 alishuka Makutano akaunganisha gari la Butiama, akapanda mwingine akakaa pale pale. Konda mwenye karatasi ya zamani atamshusha asiyehusika. PID ziko hivyo hivyo, prosesi ikifa namba yake inaweza kupewa nyingine. Kwenye Linux kikomo cha asili ni 32768, mifumo mingi ya sasa ya biti 64 imekipandisha mpaka milioni 4 na ushee, ila Windows inarudia namba haraka. Wakala anaweza kuangalia orodha saa nne, akafanya mengine, akarudi saa tano na namba ile ile kichwani. Kwa hiyo zana nzuri inadai vitu vitatu kwa pamoja: namba, jina, na muda prosesi ilipoanza. Visipolingana, zana inakataa. Andika hivyo kwenye maelezo na uifanye hivyo kwenye programu yenyewe.

Kuna namba nyingine mbili za hatari ambazo wanaojifunza kuprogramu lazima wazijue. Kwenye Unix, kutuma ishara kwa -1 maana yake ni kila prosesi unayoruhusiwa kuigusa, na kutuma kwa 0 maana yake ni kundi lako mwenyewe. Sasa programu ngapi zinarudisha -1 zikimaanisha "sijapata"? Nyingi mno! Wakala anatafuta prosesi, anajibiwa -1, anaichukua -1 ile ile na kuipeleka kwenye zana ya kuua. Kila kitu chini. Kwenye 0 anajiua mwenyewe katikati ya kazi. Dawa siyo kuandika "kuwa mwangalifu". Dawa ni kuandika kwenye maelezo ya kigezo kwamba namba lazima iwe nzima na kubwa kuliko kiwango fulani, na zana ikatae mengine yote kabla haijagusa mfumo.

UPOLE NA NGUVU

Kwa upole ni kama mhudumu wa kafe anapopita akisema tunafunga, hifadhini kazi zenu. Kwa nguvu ni kama umeme kukatika. Zana ikiwa na njia zote mbili, maelezo yaseme ipi ni ya kawaida na inasubiri sekunde ngapi. Wakubwa wa kazi hii wana namba zao: docker stop inasubiri sekunde 10 kabla ya kutumia nguvu, Kubernetes 30, systemd 90 kama hujabadilisha. Siyo lazima ufuate yoyote, ila taja yako. Usipotaja, wakala atasubiri sekunde 1 aone bado ipo, na hapo hapo atapandisha nguvu.

Kwenye Windows kuna jambo moja tamu. Ukitumia taskkill bila /F, dirisha linapewa ombi la kufunga, na Word ikiwa na kazi ambayo haijahifadhiwa inatoa swali: uhifadhi au usihifadhi? Prosesi inabaki hai ikisubiri jibu. Kwa wakala hiyo inaonekana kama ukaidi, kumbe ni prosesi inayolinda barua ya mtu. Maelezo yaseme wazi: prosesi ikiwa bado ipo baada ya ombi, huenda inasubiri binadamu ajibu, mwite binadamu, usitumie nguvu.

Na "imefanikiwa" maana yake nini? Amri ya kill ikirudisha mafanikio ina maana ishara imetumwa, haisemi prosesi imekufa. Linux ina prosesi zilizokwama zikisubiri diski ambazo hata namba 9 haiziondoi mpaka diski ijibu. Ina na zombi, ambazo zimeshakufa ila jina lao bado liko kwenye orodha, na wakala asiyeambiwa atazipiga tena na tena. Kuna na prosesi zenye mlezi: ukiiua, mlezi anaifufua kwa namba mpya. Print Spooler ya Windows ndiyo mfano wa kila stationery. Ukiiua spoolsv.exe, Windows kwa mipangilio yake ya kawaida inaiwasha tena, na faili lililokwama bado liko kwenye folda ya spool, kwa hiyo inakwama upya. Hapo njia ni kusimamisha huduma kwa net stop spooler, kusafisha folda, kisha net start spooler. Kusafisha folda kunafuta na kazi za wateja wengine zilizopanga foleni, kwa hiyo hiyo ni zana nyingine yenye karatasi yake. Kwenye karatasi ya zana ya kuua andika tu: siyo kwa printa.

MANENO SIYO KUFULI

Julai 2025 wakala wa Replit alifuta hifadhidata ya kazi halisi ya mwekezaji wa Marekani, Jason Lemkin, wakati alikuwa ameshaambiwa asibadilishe chochote. Akamwambia na kwamba data hairudishiki, kumbe ilirudi. Ule ulikuwa ufutaji, siyo kuua prosesi, ila unaonyesha kitu kimoja: katazo lililoandikwa kwa maneno linasomwa, haliwi ukuta. MCP kwenye toleo la Machi 2025 iliongeza alama ambazo mtengenezaji anaweza kuweka kwenye zana yake, mojawapo ya kusema zana hii inaharibu, na usipoweka kitu inachukuliwa kwamba inaweza kuharibu. Weka alama hiyo. Ila MCP yenyewe inaziita dokezo. Prosesi zisizoguswa kabisa, kama lsass.exe na csrss.exe ambazo zikifa Windows inaanguka au inajiwasha upya, zizuiwe ndani ya zana, na maelezo yaseme zimezuiwa ili wakala asipoteze muda kutafuta upenyo.

Njia safi kuliko zote ni kupunguza eneo. Claude Code mwaka 2025 ilikuwa na zana iliyoitwa KillShell iliyopokea kitu kimoja tu: kitambulisho cha dirisha la amri lililoachwa likiendelea kwa nyuma ndani ya programu hiyo hiyo. Haikupokea PID yoyote ya mashine. Kama wakala wako kazi yake ni kuendesha programu alizozianzisha, mpe zana inayomaliza alizozianzisha yeye basi. Stationery hata haihitaji zaidi ya hapo mara nyingi.

MFANO WA KARATASI

Huu ni wa Windows ya kaunta, pale ambapo umeamua kweli wakala aweze kumaliza programu za watu. Chukueni mrekebishe.

maliza_prosesi_moja

Inamaliza prosesi MOJA kwenye kompyuta hii. Haizimi kompyuta. Haigusi prosesi nyingine hata kama jina linafanana. Kazi yoyote ambayo haijahifadhiwa ndani ya prosesi hiyo inaweza kupotea na hairudi.

Itumie pale tu ambapo mtu aliyekupa kazi ametaja programu hiyo kwa jina, NA zana orodha_ya_prosesi imeonyesha kwa sekunde 60 mfululizo kwamba prosesi hiyo haiitikii. Usiitumie kuongeza kasi ya kompyuta, kuachilia faili, kufungua printa iliyokwama, au kwa prosesi ambayo hujui kazi yake.

Leta vitu vitatu, vyote kutoka kwenye orodha_ya_prosesi uliyoiita sasa hivi: namba (nzima, kubwa kuliko 4), jina (kama WINWORD.EXE), na muda_wa_kuanza. Usibuni hata kimoja. Kama orodha haikukupa namba, usiite zana hii.

Zana inaomba kwa upole na kusubiri sekunde 30. Haina njia ya nguvu.

Majibu ni haya. IMEKUFA: tumehakikisha haipo tena, endelea na kazi. ILISHAKUFA: haikuwepo tulipofika, usitafute nyingine ya kuua badala yake. BADO_IPO: huenda inauliza kuhusu kuhifadhi, mwambie mtu aangalie skrini, usirudie. HAILINGANI: namba imeshachukuliwa na prosesi nyingine, ita orodha upya. HAIRUHUSIWI: simama, mweleze mtu, usijaribu njia nyingine wala amri nyingine.

Mwisho wa mfano.

Angalieni hayo majibu, mimi naona ndiyo yenye thamani kuliko sehemu ya juu. Watu wengi wanaandika zana inafanya nini, halafu jibu linakuwa "kosa" basi. Wakala akiambiwa "kosa" anafanya alichofundishwa, kutafuta njia nyingine, na njia nyingine ya kuua huwa ni yenye nguvu zaidi. Kila jibu libebe na hatua inayofuata. HAIRUHUSIWI na ILISHAKUFA zisifanane hata kidogo, maana moja inasema simama na nyingine inasema kazi imeshaisha.

Mtauliza iandikwe Kiswahili au Kiingereza. Mawakala wengi wanasoma Kiingereza vizuri zaidi, na Kiswahili kwa kawaida kinakula tokeni nyingi, kwa hiyo bando la huduma linaisha mapema. Lakini mwenye duka ndiye atakayelipia hasara, na lazima aweze kuisoma karatasi na kusema "hapana, hii toa". Mimi ningeandika Kiswahili, majina ya zana yawe mafupi bila nafasi katikati, na majina ya Windows yabaki yalivyo. Usitafsiri WINWORD.EXE tafadhali.

Kabla ya kumpa wakala, fanya jaribio lisilo na gharama. Chapisha karatasi, mpe mtu ambaye hajawahi kuona zana hiyo, mwanafunzi wa chuo au jamaa wa kompyuta ya pili, halafu mpe na orodha ya prosesi kumi zikiwemo Chrome sita. Mwambie: "Chrome imeganda, shughulikia." Usimsaidie. Akikuuliza "ipi?", karatasi inafanya kazi. Akichagua mwenyewe bila kuuliza, rudi kwenye aya ya pili uone ni neno gani lililomruhusu. Kisha rudia na wakala mwenyewe kwenye mashine isiyo na kazi ya mtu, ukiwa umefungua Word ya majaribio yenye mistari miwili isiyohifadhiwa, na uangalie kama mistari ile miwili inabaki.